Hodi ya Saa Sita

Jua lilikuwa limesimama utosini, na likishasimama limesimama. Katika mji ule, ambao jina lake usiniulize kwa sababu wenyewe walishalisahau, saa sita ya mchana haikuwa saa kama saa nyingine. Ilikuja, ikakaa kitako, ikagoma kuondoka mpaka mtu mmoja auawe. Akishauawa, jua linateremka, vivuli vinachomoza chini ya nyayo, na watu wanafungua madirisha na kusema alhamdulillahi, leo limewahi. Siku nyingine lilichelewa. Kuna saa sita moja ambayo, kwa hesabu ya wanaokumbuka, ilidumu miaka miwili. Watoto walizaliwa ndani yake, wakaota meno na kutambaa bila kuujua usiku, na usiku ulipokuja walilia wakidhani wamepofuka.

Muuaji alikuwa mmoja tu. Wao walikuwa mji mzima. Hapo hebu tutulie kidogo, maana jambo hili linanikera tangu nianze kulisimulia: mtu mmoja, panga moja, tena si kubwa, lile la kufyekea majani. Ungewauliza mbona hamumkamati, wangekutazama kwa huruma, kana kwamba umewauliza mbona hamulisukumi jua. Walimwita Mwenye Panga, na kwa kumwita hivyo waliona wameshaeleza kila kitu: panga ni lake, shingo ni zao.

Tena alikuwa mtu wa adabu. Cheka ukitaka. Hakuwahi kuvunja mlango hata mmoja. Alipiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa alirudi zake kama mgeni yeyote aliyelelewa. Lakini akiambiwa karibu, basi amekaribishwa. Atapewa pa kukaa, atanawishwa mikono, atalishwa, na akishakula ndipo atafanya kazi yake, kwa mkono wa kulia, ule ule alioutumia kulia chakula, kwa sababu panga la mkono wa kushoto halikuhesabiwa na jua halikusogea kwa ajili yake. Na yule atakayekutwa nje peke yake saa sita, huyo hana mlango, na asiye na mlango hapigiwi hodi, hukatwa pale pale. Hizo ndizo zilikuwa sheria. Nani alizitunga? Sijui. Najua nani alizitii.

Sasa Zuwena. Zuwena alikuwa mshona kofia, mwanamke wa miaka arubaini au sitini, kutegemea unaihesabu vipi ile miaka ya mchana mmoja. Alishona vitobo vidogo vidogo vya kofia na macho yake yalishakwisha kwa kazi hiyo. Mbinu yake ya kuishi ilikuwa nyepesi: asijuane na mtu. Hakwenda harusini, hakwenda msibani, hakukopesha chumvi. Asiye na jirani, alijiambia, hana wa kumwitikia, na asiyeitikia hafi. Watu wawili tu ndio walikuwa na sauti masikioni mwake. Mmoja ni Mize, mama wa makamo aliyemletea uzi na kumchukulia kofia zake sokoni. Wa pili ni Raya, mdogo wake, wa mama mmoja na baba mmoja, ambaye Zuwena alimlea tangu akinyonya.

Raya aliishi vichochoro vitatu mbele, katika nyumba aliyoiacha mama yao, na Zuwena alimfungia humo. Usimlaumu upesi. Kila jua lilipoteremka alimpelekea chakula na kumrudia maneno yale yale, kwa kidole: "Usimwitikie mtu. Akilia, mwache alie. Akikwambia yeye ni mama amefufuka, mwache abaki amefufuka huko huko. Ukisikia hodi yangu, itika. Ya mwingine yeyote, nyamaza."

"Na nikitaka mgeni?" Raya aliwahi kumuuliza.

"Mgeni wa nini? Mimi sikutoshi?"

"Unanitosha, dada." Alisema hivyo huku akitazama dirisha.

Siku hiyo basi, jua liko utosini, Zuwena yuko sakafuni na kofia magotini, sufuria ya wali wa mtu mmoja imeshaepuliwa jikoni, mara akasikia mlangoni sauti ya Mize, changamfu, ya kila siku:

"Hodi, Zuwena! Uzi wako huu!"

"Karibu!" ulisema mdomo wa Zuwena.

Mdomo, nasema. Yeye mwenyewe hakuwa amesema kitu. Kichwa kilikuwa bado kinahesabu vitobo. Mdomo ulitoka mbio peke yake, kama ulivyofundishwa na mama, na mama naye na mama yake, na uliporudi ulikuwa umeshamuuza. Saa sita! Mize hajawahi kuja saa sita. Mlango ukasukumwa. Kizingitini alisimama Mwenye Panga, na nyuma yake, pale kichochoro kinapokata kona, Zuwena aliuona mguu ukipotea: kisigino kimoja chenye hina mpya.

"Nimekaribia," alisema Mwenye Panga. "Hujambo, Bi Zuwena?"

"Sijambo. Sijui wewe."

"Sijambo. Habari za nyumbani?"

"Njema," alisema Zuwena, na alipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwake akatamani kujizaba kofi.

Alimtandikia mkeka. Nini kingine afanye? Nyumba nzima haikuwa na silaha zaidi ya sindano. Aliifikiria sindano. Aliifikiria vizuri, akaona macho ya yule mtu na umbali uliopo kati ya macho yale na mkono wake, na panga lililolazwa pajani, akaichomeka sindano kwenye kofia akaiacha hapo. Nitakufa. Nitakufa na hii kofia haijaisha. Raya nani atampelekea chakula? Nitakufa. Mchuzi una chumvi nyingi. Nitakufa, na huyu atasema mchuzi ulikuwa na chumvi nyingi. Mize, mwana wa haramu. Mize, Mungu akulipe. Mimi ningekufa mara saba kabla sijapiga hodi kwenye mlango wa mtu na hiki kitu kimesimama nyuma yangu. Mara saba!

Alileta birika na bakuli, akapiga goti, akamnawisha. Mkono ulikuwa wa kawaida, una kucha, una joto. Alipoinua macho aliona uso wa baba yake, aliyekufa zamani. Maji yalipoendelea kumiminika ukawa uso wa mwalimu aliyemchapa utotoni. Halafu uso wa karani mmoja aliyewahi kumwambia rudi kesho. Kwenye kiganja palikuwa na alama ya kuungua na mafuta, pale pale alipoungulia yeye mwenyewe siku ya mandazi. Akaufunika mkono ule kwa taulo upesi.

"Unanijua?" aliuliza Mwenye Panga.

"Hapana."

"Wote husema hivyo, na wote huacha kunitazama."

Na hapo, alipokuwa anapakua, ndipo Zuwena alipopata wazo. Halikuwa wazo la shujaa, lilikuwa wazo la jikoni. Huyu anaua kwa mkono wa kulia. Anakula kwa mkono wa kulia. Basi mkono ukiwa kwenye wali hauko kwenye panga. Akachota samli, vijiko vitatu, vinne, akaumwagia wali mpaka ukang'aa. Mkono wenye samli utashikaje mpini? Akampakulia kidogo kidogo, tonge mbili tatu, akarudi jikoni, akaleta nyingine. Kila Mwenye Panga alipolamba vidole na kutafuta birika kwa macho, Zuwena alisema, "Bado, bwana, hujala kitu," na adabu ikamfunga yule mtu mkono. Tumeona watu wakijikinga kwa ngao na kwa kuta. Huyu alijikinga kwa samli, na niseme kweli, kwa muda ilifaa kuliko kuta.

Lakini nje watu walikuwa wamechoka na jua. Walianza kupiga kelele kupitia ukutani.

"Haya jamani, malizeni! Unga wangu unaungua juani!"

"Mtoto hajalala tangu juzi!"

"Zuwena, usijifanye wa maana sana! Kila mtu ana siku yake!"

Zuwena alizijua sauti zile kwa miaka bila kuzijua zina nyuso gani. Hakuna hata moja iliyosema: Mwache. Mji mzima ulikuwa macho, umekaa nyuma ya milango yake, unamsubiri afe ili upate upepo. Alichukia. Aliwachukia wote mpaka masikio yakamvuma, na katika chuki ile akakumbuka kwamba siku nyingine zote yeye pia alikuwa nyuma ya mlango wake, anasubiri kivuli kama wao, tofauti ikiwa ni kwamba yeye hakupiga kelele. Alikuwa akishona.

Wali ukaisha. Mchuzi ukaisha. Akakwangua ukoko. Alipouweka mbele yake, ule mgumu wa kahawia wa chini ya sufuria, Mwenye Panga alitulia.

"Ukoko," alisema. "Niliwahi kugombania huu na mtu. Simkumbuki nani."

Aliutafuna polepole, na ulilia chini ya meno yake, ukasikika chumba kizima. Zuwena alisimama na sufuria tupu. Mlango uko wazi, hatua tano. Mkono wa mgeni una samli mpaka kwenye kifundo. Mimi nikimsimulia mtu hapa, hunikatiza na kuniambia: Si akimbie! Akimbie sasa! Ndiyo, bwana. Lakini wewe hukulelewa na mama yake. Kumwacha mgeni chakulani, peke yake, ukatoka? Wazo hilo halikumjia hata kwa bahati mbaya. Lingemjia wazo la kupaa kwanza. Alisimama wima na sufuria yake, mwenyeji kamili, akamngoja anayekuja kumuua amalize kutafuna.

Alimaliza. Akajinawisha mwenyewe. Akajifuta kila kidole.

"Mungu akuzidishie. Umenilisha vizuri, ingawa Mize alipika biriani."

Zuwena aliitua sufuria chini. "Mize alikulisha?"

"Leo hii. Nikala, kisha akanisindikiza. Mgeni huwa anasindikizwa, au hapa kwenu si hivyo?"

"Akakusindikiza mpaka wapi?"

"Mpaka hapa." Alilishika panga, akaligeuza, akalitazama kana kwamba lilikuwa la mtu mwingine. "Mwenyeji akinifikisha kwenye mlango mwingine nikakaribishwa, basi mimi si mgeni wake tena. Kila nyumba nilimokula walinisindikiza."

"Wote?"

"Walio hai, wote."

"Basi anayekufa ni nani?"

"Yule asiye na mlango wa kunipeleka," alisema Mwenye Panga kwa upole. "Vaa kanga yako, Bi Zuwena. Au ukae. Mimi sina haraka. Wenye haraka ni wao."

Akavaa kanga. Mbona unanyamaza? Wewe ungefanyaje? Alijifunga kanga vizuri, akavaa makubazi yake, wakatoka pamoja juani, mwenyeji mbele na mgeni nyuma, bila vivuli. Alikwenda moja kwa moja kwa Mize. Alitaka kwa Mize, alikuwa na kiu nako.

"Hodi, Mize! Hodi! Hodi, we Mize!"

Ndani bangili ziligongana mara moja, zikashikwa. Mize alikuwepo, hatua moja nyuma ya ubao, ameziba pumzi. Mlango haukujibu.

Akaenda nyumba ya tatu kutoka hapo, kwa Bi Kirembo, mjane. Hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Kabla ya ya tatu ilitoka sauti ya uchovu, si ya kusema karibu: "Msibani kwangu hukuja, Zuwena. Siku nne nzima, hukuja hata kusimama mlangoni." Akajaribu nyumba yenye mlango wa kijani, nyumba ya kinyozi, nyumba ambayo hakujua ya nani. Kote walimsikia, na kote sauti yake haikuwa ya mtu yeyote wanayemjua. Miaka yote aliijenga ile salama, na sasa alizunguka ndani yake kutoka ubao hadi ubao, na hapakuwa na pa kutokea. Mji mzima palikuwa na mtu mmoja tu wa kuitikia hodi yake. Alimfundisha mwenyewe, kwa kidole.

Kwenye mdomo wa kichochoro cha tatu alisimama.

"Tumefika?" aliuliza Mwenye Panga.

Angeweza kukaa chini pale. Nataka ujue kwamba aliweza. Hakuna aliyemshika, hakuna aliyemsukuma, na lile panga lilikuwa linaning'inia tu. Alisema moyoni: Raya ni mjanja. Raya atamlisha. Raya atapata na yeye pa kumsindikizia. Alijua kwamba Raya hakuwa na pa kumsindikizia mtu duniani, alilijua hilo kuliko mtu mwingine, na alilisema hivyo hivyo, akaliamini kwa muda wa hatua ishirini, ambazo ndizo zilizokuwa zimebaki. Mbele ya mlango alikohoa ili sauti isitetemeke. Kisha akaitoa, changamfu, ya kila siku.

"Hodi, Raya!"

"Karibu, dada! Leo umewahi!"

Na komeo likavutwa kabla ya hodi ya pili. Zuwena alikuwa ameshageuka. Alikata kona mbio, makubazi yakimpiga visigino, na nyuma yake alimsikia Raya akisema, "Dada? Mbona huingii?" halafu ile sauti ya upole, "Nimekaribia. Hujambo, binti?"

Alifika kwake, akatia komeo, akaweka meza, akaweka cherehani juu ya meza. Akakaa sakafuni akachukua kofia. Hakuona kitobo hata kimoja. Alisubiri jua lishuke, na alipojikuta analisubiri, akajiziba mdomo kwa kofia ile. Jua halikushuka. Mstari wa mwanga chini ya mlango ulibaki pale pale. Anakula, alijiambia. Raya anamlisha. Ana mchele kibaba kimoja, nazi nusu. Mwenyezi Mungu, amkwangulie na ukoko.

Kisha nje zikaja hatua za mbio.

"Hodi! Dada!"

Ilikuwa sauti ya Raya. Hai, inahema, na ndani yake, kama masikio hayakumdanganya, palikuwa na kicheko.

"Dada, fungua, niko peke yangu! Nimemwacha anakula! Nimemwambia nakuletea chumvi, nikatoka! Amekaa pale na wali mkononi, hajui afanye nini!"

Zuwena alisimama. Nimemwacha anakula! Ndipo wazo lile lilipomfikia, likiwa limechelewa: kwamba mtu angeweza kutoka. Kwamba hatua tano zilikuwa hatua tano. Raya hakuwahi kupokea mgeni maishani mwake, hakuna aliyemfundisha kwamba mgeni haachwi chakulani, na kwa ujinga wake ule mtukufu alifanya jambo ambalo mji mzima, pamoja na adabu zake, haukuwahi kulifanya. Alikimbia. Akawa anahitaji kitu kimoja tu, mlango.

Neno lilipanda mpaka kwenye ulimi. Na nyuma ya neno ikaja sauti ya Mize, changamfu: Uzi wako huu! Kisha sauti yake mwenyewe, changamfu kama hiyo. Na mimi nilikohoa kwanza. Na mimi nilisema hodi vizuri hivi hivi. Yuko naye. Amesimama nyuma yake, anajifuta vidole.

"Hodi, dada. Ni mimi, wallahi ni mimi."

Ule mdomo uliotoka mbio kumwitikia Mize sasa ulitii. Zuwena aliushika kwa mikono yote miwili.

Raya alikuwa ameweka uso kwenye ubao. Sauti yake ya tatu ilikuja kutoka karibu sana, ya chini, haina kicheko tena.

"Hodi. Dada, nazisikia pumzi zako."

Hodi tatu. Baada ya tatu hakuna anayeitikia, hizo ndizo sheria. Zuwena alihesabu vitobo vya kofia. Alifika mia na kumi. Hakusikia kelele, hakusikia mtu akilia. Alichosikia ni kitu kikiegemea mlango wake kwa nje, kizito, halafu kikiteremka. Kisha ule mstari wa mwanga chini ya mlango ukaanza kujikunja taratibu kuelekea upande, na upepo ukapita.

Madirisha yalifunguliwa mji mzima. Alhamdulillahi, walisema. Leo limechelewa lakini si haba. Mtu alicheka, mtu alimwita mwanawe aanue unga. Zuwena aliondoa cherehani, akaondoa meza, akavuta komeo. Watu walikuwa wameshamchukua Raya, mambo hayo hufanywa haraka, wana adabu. Palibaki vumbi la kichochoro, na jua la alasiri lililolala juu yake lilionyesha kila alama.

Alichuchumaa akazisoma, akiziruka za makubazi yake mwenyewe na za waliombeba. Nyayo za kwanza zilikuwa ndogo, za miguu mitupu, zinatoka upande wa kichochoro cha tatu, vidole vimezama na visigino havikugusa chini. Zilikuja mpaka mlangoni kwake. Pembeni yake hapakuwa na nyayo nyingine. Nyuma yake hapakuwa na nyayo nyingine. Mbele ya ubao zilikanyagana, mahali pamoja, kwa muda mrefu. Zile kubwa zilitokea upande wa pili, baadaye, bila haraka.

Mize alikuwa anapita na kapu lake la uzi. Alisimama. Vivuli vyao viwili virefu vilikuwa vimelala ukutani kimoja karibu na kingine. Mize aliutazama mlango, akatazama vumbi, akatazama miguu yake mwenyewe.

"Pole, mwenzangu," alisema.

"Nimeshapoa," ulijibu mdomo wa Zuwena.